Masurufu ya Nyumba na Daftari la Dukani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, aliyewaruzuku waja wake na akaiwekea riziki yao kadiri na kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, watu wa Takaungu na miji iliyo jirani nasi.

Watu wamezoea kwamba mawaidha ni ya Sala na Saumu, ya ndoa na talaka, ya mauti na kaburi. Mtu akisimama kusema juu ya sukari na unga na mafuta ya kupikia, huonekana ameiweka dini kando na kuingia katika mambo ya jikoni yasiyomhusu. Dhana hiyo si sahihi. Vitabu vya fiqhi tulivyovisoma mbele ya masheikh zetu vina mlango wa kuuza na kununua, na mlango wa deni, na mlango wa masurufu ya mke na watoto, kama vilivyo na mlango wa tohara na wa Sala. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, haisemi juu ya Sala wala Hija. Yasema juu ya deni, namna ya kuliandika, na nani aliandike, na nani alishuhudie. Basi ikiwa Mola wetu ameliona deni kuwa jambo la kuteremshiwa aya iliyo ndefu kuliko zote, sisi ni nani hata tuseme kuwa daftari la dukani si jambo la dini?

Na hilo daftari ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Kila mtu wa mji huu alijua. Ni kitabu kidogo kilichokunjika pembe, kinachokaa chini ya meza ya mwenye duka, na ndani yake mna majina ya nyumba zetu. Asubuhi mtoto hutumwa sukari robo na majani ya chai ya kutosha birika moja. Saa nne hutumwa nyanya mbili na kitunguu kimoja. Adhuhuri hutumwa unga, na mafuta ya kupimwa kwa kikombe kidogo. Magharibi hutumwa tena, sukari ile ile na majani ya chai yale yale, maana ya asubuhi yamekwisha. Na kila aendapo hupewa maneno mawili ya kusema: mwambie aandike. Mwisho wa mwezi hesabu huletwa, na baba hushangaa, na mama hushangaa, na kila mmoja humtazama mwenziwe kama kwamba yeye ndiye mwizi. Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaona nyumba nyingi ambazo mali yao haina daftari, ila deni lao ndilo lenye daftari, na tena limo mikononi mwa mtu mwingine.

Hapa pana hasara mbili, moja ya mali na moja ya dini.

Hasara ya mali ni nyepesi kuielewa. Kitu kinunuliwacho kidogo kidogo huwa ghali kuliko kile kile kinunuliwacho kwa pamoja. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba lita moja ya mafuta ni shilingi 300, na kipimo kidogo, ambacho ni sehemu moja katika kumi ya lita, ni shilingi 40. Mwenye kununua vipimo kumi ametoa shilingi 400 kwa lita moja. Nyumba yake ikitumia lita nne kwa mwezi, amepoteza shilingi 400 kila mwezi, na kwa mwaka shilingi 4,800. Na hayo ni mafuta peke yake, hatujahesabu sukari, wala majani, wala sabuni, wala chumvi. Fedha hizo hakuzila, wala hakuzitoa sadaka, wala hakumsomeshea mtoto. Amezitoa kuwa ada ya kununua bila mpango.

Hasara ya dini ni nzito zaidi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa katika Sala akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na dhambi na deni, hata mtu mmoja akastaajabu kwa wingi wa kujikinga kwake na deni, akamwuliza sababu. Mtume akamjibu kuwa mtu akiingia katika deni, akizungumza husema uwongo, na akiahidi huvunja ahadi. Tazameni, ndugu zetu, jinsi maneno haya yalivyoingia ndani ya nyumba zetu. Mwenye duka akija kugonga mlango, ni nani hutumwa kwenda kumwambia kuwa baba hayuko? Ni yule yule mtoto aliyetumwa asubuhi kwenda kuandikisha sukari. Mtoto huyo jioni humpeleka chuoni kwa mwalimu afundishwe kwamba uwongo ni haramu. Na asubuhi ameufundishwa uwongo na baba yake, kwa ajili ya sukari robo. Basi somo lipi katika hayo mawili litakaa moyoni mwake?

Pengine mtu atasema: Je, mwasema kuwa kukopa chakula ni haramu? Jawabu yetu ni kuwa, la, hatusemi hivyo, wala hakuna mwanachuoni aliyesema. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alinunua shayiri kwa deni kwa ajili ya watu wa nyumba yake, kutoka kwa Yahudi mmoja wa Madina, akaweka rahani deraya yake ya chuma, na alipofariki deraya ile ilikuwa bado iko rahani. Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari. Lakini itazameni vizuri. Alinunua chakula chenyewe, nacho ni shayiri, si anasa. Alinunua kiasi kinachojulikana, pishi thelathini, si robo leo na robo kesho bila hesabu. Na aliweka rahani, ili haki ya mwuzaji isipotee. Huyo ndiye mkopaji ambaye sheria inamtambua: mwenye haja, mwenye kujua kiasi cha deni lake, na mwenye nia ya kulipa. Ama anayekopa kwa kuwa kukopa ni kwepesi kuliko kufikiri, huyo hana hoja katika hadithi hii.

Na mwingine atasema: Tatizo si daftari, tatizo ni bei. Jawabu yetu ni kuwa hapana shaka bei ni tatizo, na anayesema kuwa maskini wa leo ni maskini kwa uvivu wake, amesema uwongo. Sote twakumbuka mwaka 2017, mahindi yalipoadimika hata serikali ikatoa ruzuku, na paketi ya unga ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90. Twakumbuka na mwaka 2022, mvua zilipokuwa zimekosekana misimu mfululizo, na vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza mwezi wa Februari mwaka huo vikapandisha bei ya ngano na mafuta ulimwenguni. Na nchi ya Indonesia, ambayo hutoa mafuta mengi ya mawese, ikayazuia yasitoke kwa muda wa wiki kadhaa. Hapa kwetu paketi ile ile ya unga ikapita shilingi 200, na mwezi wa Julai serikali ikatoa ruzuku tena ili iuzwe kwa shilingi 100, na ruzuku hiyo haikudumu. Hayo yote hayakuletwa na mama wa Takaungu anayepima chumvi kwa vidole.

Lakini tuulizane: bei ikipanda, je, ni busara kununua kwa namna inayozidisha bei hiyo? Mtu mashua yake ikiingia maji, haachi kuyakumba kwa hoja kwamba si yeye aliyeitoboa.

Na mji wetu una jambo la kuzingatia zaidi ya miji mingine. Wamazrui walipotoka Mombasa mwaka 1837, baada ya mji ule kuingia mikononi mwa Seyyid Said, baadhi yao walikuja kukaa hapa Takaungu, na wengine wakaenda Gazi. Katika karne ile pwani hii ilikuwa ghala. Mtama na mahindi na ufuta ulipakiwa majahazini hapa na Malindi na Mambrui, ukapelekwa hata Uarabuni. Hatuyasemi haya kwa kujifakhiri, maana mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa, na utumwa haukuondolewa katika sheria za nchi hii mpaka mwaka 1907. Na kila anayeisimulia neema ya zamani bila kuwataja walioilima, amedhulumu. Twayasema ili ijulikane kuwa ardhi ni ile ile na bahari ni ile ile. Mji uliokuwa ukipakia nafaka majahazini leo wanunua unga wa paketi uliosagwa mbali, na wanunua kwa kuandikisha. Mwenye minazi huuza nazi zake kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa, na jioni hutuma mtoto akanunue mafuta ya kupimwa. Mwenye kiwanja nyuma ya nyumba hununua mchicha. Haya hayakuletwa na vita vya Ukraine.

Basi dawa iko wapi? Dawa yenyewe ni neno moja: kipimo.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tukipime chakula chetu, na akatuahidi kuwa tukikipima tutabarikiwa ndani yake. Hadithi hiyo ameipokea Bukhari kutoka kwa Miqdam bin Maadikarib (r.a.). Watu hudhani kuwa baraka ni kumimina bila kutazama, na kwamba mwenye kupima ni bakhili. Mtume ameifunga baraka pamoja na kupima. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kuwa wakitumia hawafanyi israfu wala hawafanyi choyo, bali hukaa kati ya hayo mawili. Na katika Sura ya Al-Isra, aya ya 26 na ya 27, amekataza ubadhirifu na akawaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Hatujui udugu ulio mbaya kuliko huo.

Mabibi zetu waliijua siri hii. Jikoni mwao hamkukosekana kibaba na pishi, na vibaba vinne ndivyo pishi moja, kama vile mudi nne zilivyo saa moja katika vitabu vya fiqhi. Mama alikuwa akijua nyumba yake yala vibaba vingapi kwa siku, na pishi ngapi kwa wiki. Akipata mgeni aongeze, na akifunga Sunna apunguze. Maimamu wetu wa madhehebu ya Shafii nao hawakuyaacha masurufu ya mke yawe ya kukisia tu. Wameweka kuwa mume mwenye wasaa hutoa mudi mbili za chakula kwa siku, na mwenye dhiki mudi moja, na aliye kati mudi moja na nusu. Tazameni, hata maskini amewekewa kipimo, asije akasema kuwa umaskini umemwondolea wajibu. Na hata tajiri amewekewa kipimo. Leo kibaba hutoka sanduku mara moja kwa mwaka, siku ya Zaka ya Fitri, kikarudishwa.

Na kipimo si cha kila siku tu, kuna kipimo cha msimu. Sisi ni watu wa pepo mbili. Upepo wa kusi ukiingia, bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, samaki huadimika na mvuvi hukaa baraza. Upepo wa kaskazi ukivuma, bahari hutulia, samaki huwa wengi na fedha huonekana. Kila mtoto wa hapa alijua jambo hili kabla ya kujua kuhesabu. Na pamoja na hayo, wako wanaokula fedha ya kaskazi kama kwamba kusi haitarudi, kisha kusi ikarudi wakaenda kuandikisha, na fedha ya kaskazi inayofuata ikawa ni ya kulipa yaliyoliwa. Mtu huyo hakosi riziki. Riziki yake yafika imekwisha kuliwa. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura ya Yusuf jinsi Nabii Yusuf (a.s.) alivyowaongoza watu wa Misri waweke akiba ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida, na akawafundisha waiache nafaka katika mashuke yake ila kidogo watakachokula. Kisa hicho hakikuteremshwa kwa ajili ya wafalme peke yao. Kila mwenye nyumba ni mtunza hazina wa nyumba yake.

Wala asiseme mtu kuwa kuweka akiba ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima kutokana na alichoruzukiwa. Ni nani anayemtegemea Mungu kuliko yeye? Kilichokatazwa ni kuhodhi, yaani mfanyabiashara kuficha chakula wakati watu wanakihitaji ili bei ipande. Na hilo Mtume amesema halifanywi ila na mwenye kukosea.

Sasa twaja kwenye mwezi wa Ramadhani, na hapa maneno yetu yatakuwa makali kidogo, nasi twataraji mtuwie radhi. Mwezi huu umefaradhishwa saumu, na saumu ni kupunguza. Hesabu ya kawaida yasema kuwa nyumba iliyokuwa ikila mara tatu na sasa yala mara mbili, matumizi yake yapungue. Lakini nyumba zetu Ramadhani ndiyo hutumia kuliko miezi yote. Sambusa na kaimati, tambi na mkate wa sinia, mbaazi za nazi na mahamri, viazi vya karai na maji ya matunda ya namna mbili, na mchele mzuri ambao haununuliwi mwezi mwingine wowote. Hatukatazi mtu kufurahi kwa kufuturu, maana Mtume ametubashiria kuwa aliyefunga ana furaha mbili, na mojawapo ni hiyo. Wala hatukatazi mtu kumpelekea jirani sahani. Hiyo ni katika mila zetu zilizo bora. Tunachokitaja ni sahani tano zilizobaki usiku, zikachacha, zikamwagwa alfajiri; na mama aliyekaa motoni tangu adhuhuri hata akakosa kusoma juzuu yake; na daftari lililojaa, ambalo siku ya Idi mosi huanza kudai. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mwanadamu hakujaza chombo kilicho kibaya kuliko tumbo, na kwamba hapana budi basi iwe thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Yeyote aliyefuturu kwa desturi yetu anajua ni thuluthi ipi iliyonyang'anywa.

Na imepokewa katika Muwatta wa Imam Malik kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta Jabir bin Abdillahi amebeba nyama, akamwuliza ni nini. Jabir akasema kuwa walitamani nyama, basi amenunua ya dirhamu moja. Umar hakuiharamisha nyama ile. Alimwuliza tu kama mtu hataki kulikunja tumbo lake kidogo kwa ajili ya jirani yake au mtoto wa ami yake. Basi tukumbuke kuwa tofauti baina ya kuhitaji na kutamani ndiyo tofauti baina ya nyumba iliyotulia na nyumba iliyomo daftarini.

Na zamani daftari lilikuwa moja. Leo yako mawili, na la pili limo mfukoni. Tangu mwaka 2012 zilipoanza huduma za mikopo kwa simu, kama ile ya M-Shwari ambayo ilipoanza ilimtoza mkopaji asilimia 7.5, na baadaye mwaka 2019 ilipokuja Fuliza, ambayo humkamilishia mtu malipo hali salio lake halitoshi kisha ikamtoza ada, na deni likizidi kiwango kidogo na kukawia huongezwa ada ya kila siku, watu wengi wananunua unga na sukari kwa njia hiyo wala hawajui wamefanya nini. Sisi twasema wazi: mkopo wa fedha unaorudishwa kwa ziada iliyoshurutishwa, ziada hiyo ni riba, iitwe ada, iitwe huduma, iitwe jina lolote, na ziada inayokua kwa kadiri deni linavyokawia ndiyo ile ile riba ya wakati wa ujahili, aliyoitangazia vita Mwenyezi Mungu na Mtume wake katika Sura ya Al-Baqara. Mtu ambaye hangeingia benki kuchukua riba ya kujenga nyumba, yuaichukua akiwa amesimama dukani kwa ajili ya paketi ya unga. Afadhali mara mia daftari la mwenye duka, ambaye ni jirani, na ambaye deni lake halikui likilala.

Na hapo yatupasa tuseme na wenye maduka, maana mizani ina pande mbili. Ndugu mwenye duka, wewe una fadhila kubwa katika mji huu. Wako ambao watoto wao wamelala wameshiba kwa sababu ulikubali kuandika. Na atakayemsahilishia mwenye dhiki, Mwenyezi Mungu atamsahilishia duniani na Akhera. Lakini shika mambo manne. Kwanza, andika kama aya ilivyoamrisha: kitu, kiasi, bei, na siku, na mnunuzi apewe nakala yake. Pili, ukiwa na bei ya taslimu na bei ya deni, mafakihi wengi wamekuruhusu, lakini kwa sharti bei moja ikatwe mbele ya mnunuzi wakati wa kuuza. Ama kuiongeza baadaye kwa kuwa amechelewa, hiyo ni riba. Tatu, kichunge kikombe chako cha mafuta na mizani yako, kwani Sura nzima imeanza kwa kuwaapiza wapunjao vipimo. Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake katika lundo la chakula sokoni Madina akakuta ndani mna rutuba, akamwambia mwenyewe kwa nini asikiweke kilicholowa juu watu wakione, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Nne, mdaiwa akiwa hana kweli, mpe muda mpaka apate. Na ukimsamehe ni bora kwako. Hilo ni agizo la aya ya 280 ya Sura ile ile ya Al-Baqara.

Na neno letu la mwisho kabla ya kutoa shauri ni kwa waume. Wako wanaotoka asubuhi bila kuacha kitu, wakirudi wakataka chakula, na hawaulizi kimetoka wapi. Kimetoka katika mahamri ambayo mke ameamka saa kumi ya usiku kuyakanda, akayauza barazani. Au kimetoka katika daftari kwa jina lake yeye. Jueni kuwa mali ya mke ni ya mke. Akikulisha ni ihsani yake, si haki yako. Hind binti Utba alipomshitaki mumewe kwa Mtume (s.a.w.) kuwa hampi yanayomtosha yeye na watoto wake, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mume yanayowatosha kwa wema. Hukumu hiyo yaonyesha kuwa masurufu ni deni juu ya shingo ya mume. Basi anayekimbia deni la dukani amesahau kuwa ana deni lililotangulia, nalo limo ndani ya nyumba yake.

Shauri letu, ndugu zetu, ni jepesi, na halihitaji utajiri.

Kwanza, mume na mke wakae pamoja mwanzo wa mwezi, au mwanzo wa wiki kwa anayepata kwa kibarua, wahesabu kinachoingia na kinachohitajika kuliwa. Na mke asikilizwe, kwani yeye ndiye ajuaye chungu kinakula nini.

Pili, waanze kwa kitu kimoja tu. Wasiseme watanunua vyote kwa jumla, maana hawataweza. Wachague sukari, au mafuta, na kila siku waweke kando kidogo mpaka waweze kununua kitu hicho kwa wiki nzima kwa taslimu. Kikisimama hicho, ziada iliyookolewa waitie katika cha pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, asiyeweza peke yake ashirikiane na wenziwe. Nyumba tano zikichangiana gunia moja la mchele kutoka Kilifi au Mombasa, wakagawana kwa pishi mbele ya wote, kila mmoja amepata bei ya jumla bila kuwa tajiri. Wanawake wetu wanajua kuchangiana kwa harusi na sare zake. Basi wachangiane na kwa chakula. Mtume amesema kuwa chakula cha wawili chatosha watatu.

Nne, deni la zamani liandikwe, lipelekwe kwa mwenyewe, na wakubaliane kulilipa kwa mafungu. Msijifiche. Dawa ya deni ni kulipa, na mwanzo wa kulipa ni kuonekana. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiletewa maiti huuliza kama ana deni, na deni hilo la sukari na majani ya chai ni deni kama madeni mengine.

Tano, asitumwe tena mtoto kwenda kusema kuwa baba hayuko.

Ama yule fukara ambaye hana cha kupima, na hununua kidogo kwa sababu kidogo ndicho alichopata siku ile, huyo hatumsemi wala hatumlaumu. Huyo ana haki katika mali zetu, na maneno yote tuliyoyasema ni kwa ajili yake pia. Kwani kila kinachookolewa katika israfu ya mwenye wasaa, humo mna fungu lake. Jirani akinuka mchuzi wako naye hana, daftari lako lililo safi halitakufaa kitu.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali, na utubarikie katika kidogo na kingi, na utukinge na dhambi na deni, na uwape nafuu wenye dhiki katika mji wetu na miji ya Waislamu wote. Amin.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.